Mchelewaji Mpe Kengele

Mchelewaji mpe kengele. Baba yenu aliisema jana alipomkabidhi Konsolata chungu cha maharage, yeye aliyeyaunguza juzi, nanyi mkacheka mkauliza kengele na maharage wapi na wapi. Sogeeni basi. Mwanzo wake ulikuwa huu.

Kule Umatengoni, mlimani, palikuwa na sekondari ya wasichana ya masista. Baridi ya huko, mtu akiosha uso asubuhi anasahau jina lake. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, Filotea Kapinga, hakuwa mwizi wala mgomvi, ila kuamka kulimshinda. Misa imeanza, yeye anatafuta kiatu. Wenzake wanafagia, yeye ndiyo kwanza anatandika kitanda. Aliadhibiwa kulima bustani mpaka kabichi zikamzoea. Mwishowe, mkuu wa shule, Sista Gaudensia, akamwita na kumwonyesha barua ya kumrudisha nyumbani. Ilibaki kutiwa sahihi tu.

Filotea akawakumbuka watu wa kwao. Baba yake alikuwa amemwambia, "Ukirudi kabla ya likizo, rudi na jembe lako moja kwa moja shambani."

Sista akaikunja barua, akaitia kwenye droo. Badala yake akatoa saa ya mezani, ile ya kutia ufunguo. "Kuanzia kesho, kengele ya alfajiri unapiga wewe. Ukichelewa mara moja, nitatia sahihi."

Bweni zima lilicheka. "Jamani, fisi kapewa bucha," akasema Redempta, kiranja mkuu. "Tuageni kabisa uji."

Lakini Filotea aliamka. Saa kumi na moja kamili alikuwa kando ya kikanisa, kanga kichwani, anavuta kamba ya katani kwa mikono iliyokufa ganzi. Siku tisa hakukosa. Hata Redempta aliacha kulala na viatu.

Siku ya kumi mvua ilinyesha. Saa ililia, Filotea akainyamazisha, akasema moyoni ajifunike kidogo tu. Alipofumbua macho, jua lilikuwa dirishani na shule yote kimya. Wasichana mia mbili na masista wao walikuwa wamelala, kwa sababu sasa waliiamini kengele.

Akatoka mbio peku. Padre alikuwa amekuja na pikipiki kwenye matope, akasubiri kwenye kanisa tupu, akaenda zake kigango kingine. Wasichana wa kidato cha nne, waliokuwa na mtihani wa majaribio asubuhi hiyo, waliingia chumba cha mtihani na njaa. Jikoni mpishi, Mzee Hyera, alikuwa amekaa mbele ya sufuria lililokaukiwa maji.

"Babu, mbona hukupika?" Filotea akauliza.

"Mwanangu, mimi sina saa. Unga nautia nikisikia kengele yako. Nimeongeza maji mara mbili, nikadhani leo mmefiwa."

Gwaride likaitwa. Redempta, aliyekuwa amesimama karibu naye, akamnong'oneza, "Sema saa ilisimama usiku. Nani atajua? Zinasimama hizi." Hata Redempta hakutaka aende.

Sista Gaudensia akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kengele ilikuwaje?"

Filotea alitazama miguu yake yenye matope. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi. Kisha akawaza lile sufuria lililokauka.

"Saa ililia, Sista. Mimi niliinyamazisha nikalala."

Akawageukia wenzake.

"Nawaomba radhi dada zangu wa kidato cha nne. Na Padre, na babu Hyera. Sista, kengele mpe mwingine. Barua nitaipeleka mwenyewe kwa baba."

Sista akamsogelea. "Nimpe nani?" akasema. "Zamani ukichelewa, ulidhani unajichelewesha peke yako. Leo umeona shule nzima ikikungojea. Hapa hakuna mwingine aliyeyaona hayo. Jioni utamsaidia babu kusugua sufuria, na kesho saa kumi na moja nataka kuisikia."

Akaisikia. Akaisikia kesho yake na keshokutwa, na Filotea akaipiga hadi alipomaliza kidato cha nne. Ile barua, nasikia, ililiwa na panya.

Wiki aliyomaliza Filotea, Redempta, ambaye sasa alikuwa amerudi pale kujitolea kufundisha, alimshika mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuwa anaingia kanisani Padre akitoa baraka ya mwisho. Akampeleka jikoni kupewa adhabu ya kuchanja kuni, huku analalamika kwamba mtoto huyu hafai, hasikii, arudishwe tu kwao.

Mzee Hyera hakuacha kukoroga uji.

"Mwalimu, kwani umesahau?" akasema. "Mchelewaji mpe kengele."