Bao la Nyuma ya Pazia

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani ambao wenyewe hawapendi utajwe, alikuwapo Sultani aitwaye Mngumi, mpenda bao na mpenda kusifiwa. Sultani huyo alijenga nyumba ya kamari akaiita Nyumba ya Bahati. Mchezaji alisimama barazani akataja namba, na nyuma ya pazia zito Waziri Badi akarusha dado, kisha akapaza sauti kutangaza namba iliyotoka. Dado hazikuonekana wala mkono haukuonekana. Ukutani paliandikwa: Sauti iaminiwe. Na watu, Mungu awasamehe, wakaiamini.

Kila mgeni alipewa kuku wa makaribisho, lakini hakuruhusiwa kumla wala kwenda naye nyumbani mpaka amchezee kamari na kushinda mara arobaini, na kuku wa mji ule hawakuwa na umri wa kungoja hayo. Basi wenye vyungu wakapoteza vyungu, wenye vitanda wakapoteza vitanda, na mwisho watu wakaanza kuchezea milango. Ikawa mji mzima hauna mlango, na watu, kwa kuwa wana adabu zao, wakawa wanasimama mbele ya uwazi na kupiga hodi hewani.

Katika mji huo aliishi Chande, fukara asiye na kazi ila maneno, pamoja na mkewe Bi Mize. Mali yao ya maana ilikuwa mlango wa nakshi, urithi wa babu yake Bi Mize, na Bi Mize akaupoteza asubuhi moja kabla uji haujapoa. Tangu hapo mbuzi wa jirani wakawa wanaingia kulala kitandani. Chande hakumgombeza mkewe. Alimpenda mno, na tena aliona adhabu ya mbuzi inamtosha.

Basi Bi Mize akarudi Nyumba ya Bahati na mtungi wake wa mwisho, akataja namba, na Waziri, aliyekuwa anasinzia, akaitangaza hiyo hiyo. Bi Mize akapiga vigelegele, akadai mlango wake.

"Hongera," ikasema sauti. "Sasa thibitisha kuwa wewe ni Bi Mize."

Akamleta mumewe. Sauti ikasema mume naye athibitishe kuwa ni mume. Wakamleta kadhi aliyewaozesha. Sauti ikasema kadhi amlete mama yake, aje aseme kama huyu ndiye aliyemzaa. Mama yake kadhi alikuwa kaburini siku nyingi. Bi Mize akaketi palepale akalia, na Chande, ambaye watu hawakuwahi kumwona amekasirika, siku hiyo akakasirika.

Akaenda moja kwa moja mbele ya Sultani, hadhara imejaa.

"Bwana wangu, umri mrefu! Nyumba yako inatudhulumu."

"Ewe mpumbavu, una ushahidi gani? Umeona kilicho nyuma ya pazia?"

"Sikuona, bwana wangu. Hilo ndilo shitaka langu."

Sultani akafura. "Naapa mbele ya hadhara hii, kanuni zile ni haki tupu, hata mimi ningecheza kwa kanuni hizo! Nawe kwa kunisingizia utahama mji huu leo hii, wewe na mkeo."

"Amri ni yako, bwana wangu. Ila kabla sijahama, nipe heshima ya kucheza nawe bao. Nikishindwa, nitaondoka hata bila mkeka. Nikishinda, milango yote irudi kwa wenyewe. Na tucheze kwa kanuni zako zile zile, za haki tupu."

Sultani hakuwahi kufungwa bao tangu atawale, kwa kuwa kila aliyecheza naye alikuwa anaipenda shingo yake. Akacheka, akakubali. Chande akatundika kaniki ya mkewe katikati ya baraza, akaketi nyuma yake.

"Cheza, bwana wangu."

"Bao liko wapi?"

"Liko huku kwangu. Wewe taja tu, mimi nitakuchezea."

Sultani akakuna ndevu. "Nachukua kete za shimo la tatu, naelekea kulia."

Kukasikika ko, ko, ko. "Masikini, bwana wangu! Umeishia kwenye shimo tupu. Sasa zamu yangu. Nimekula. Nimekula tena. Bado nakula."

"Ngoja kwanza!"

"Safu yako ya mbele imekwisha kete. Umefungwa. Pole sana, ila kuna kuku wa makaribisho."

Sultani akaruka kitini. "Mwizi mkubwa! Nani awezaye kucheza mchezo asiouona?"

Hapo Sultani akasikia mwenyewe alichokisema. Kwa aibu akairarua ile kaniki. Hapakuwa na bao. Chande alikuwa amekaa kitako anatafuna muhogo wa kuchoma, mkononi ana vifuu viwili vya nazi.

"Liko wapi bao, mlaaniwa wee?"

"Liko pamoja na dado zako, bwana wangu."

Sultani akamgeukia Waziri, ambaye naye alikuja kutazama. "Badi, dado ziko wapi?"

"Bwana wangu," akasema Waziri, macho chini, "zilitumbukia kisimani wiki ile tulipofungua. Nikaona hazihitajiki."

Sultani alijua siku zote kwamba pazia linampendelea, lakini hilo la kisima lilimshinda. Watu wakacheka mpaka walinzi nao wakacheka. Basi akaamuru milango yote irudishwe, na mlango wa Bi Mize akaubeba mwenyewe kichwani, kwa toba, mpaka nyumbani kwa Chande.

"Hodi!"

Uwazini palikuwa pametundikwa kipande cha kaniki kilichosalia. "Nani?" ikauliza sauti ya Bi Mize.

"Mimi, Sultani."

"Thibitisha. Mlete mama yako."

Sultani akasimama juani, mlango kichwani. Kwanza akataka kukasirika, kisha kicheko kikamshika hata mlango ukatikisika. Akatuma mama yake aletwe, bibi kizee, akabebwa kwa kiti mpaka pale. Bibi akamtazama mwanawe juu mpaka chini.

"Ndiye niliyemzaa," akasema, "ingawa tangu aijenge nyumba ile nimekuwa nikiomba iwe wakunga walinibadilishia."

Hapo Bi Mize akaifunua kaniki, mlango ukatiwa mahali pake, na mbuzi wa jirani wakalala nje.