Kistari Kwenye Daftari la Mvua

Sogeeni karibu, hata ninyi mlio kwenye mikeka ya nyuma. Sauti yangu haina nguvu, na nina fumbo nililolibeba tangu Jumapili. Nimechoka kulibeba peke yangu.

Wanafunzi watatu wa chuo kikuu walikuja kijijini kwetu Mrindi, huku juu Upareni, pamoja na mwalimu wao, Dokta Mbwana. Walikuja kujifunza kwa nini milima huporomoka. Kila mmoja Mungu alimpa chake. Kalunde, binti wa Tabora, alipewa miguu isiyochoka. Makame wa Pemba alipewa jicho lisiloruka kitu. Nakijwa, Mpare mwenzetu, alipewa ulimi unaosikilizwa.

Siku ya kwanza mwalimu aliwaambia, "Nafasi ya kubaki nami mwaka mzima kuusoma mlima huu ni moja tu." Wote watatu waliitaka, wala hawakuficha.

Kalunde aliona ufa ardhini juu ya shamba la Mzee Kiangi. Akapigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, akafunga kamba katikati. Kila asubuhi alipanda na rula yake. Nakijwa alimtania, "We Mnyamwezi, kwenu kuna mlima au kichuguu?"

"Kichuguu chetu kinaupita huu wenu," alijibu akihema.

Masika yalipokolea aliteleza, akaumia mguu, na kesho yake akapanda tena. Siku ya tano ya mvua mfululizo alishuka akichechemea. Kamba ilikuwa imekatika. Ufa uliokuwa wa kidole sasa ulimeza mkono mzima.

Makame hakupanda tena baada ya siku ya kwanza, kwa kuwa kifua kilimbana. Alikaa barazani kwangu na daftari la marehemu mume wangu, Eliamani, aliyepima mvua kila siku saa tatu asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Mwalimu alikuwa amekwisha kulisoma. Aliona kwamba mwaka mmoja wa nyuma, upande wa chini wa mlima ulipoporomoka, kulitangulia siku tano bila mvua. Akaandika kwamba si mvua inayousukuma mlima huu.

Makame akanifuata jikoni. "Mama, siku nyingine Mzee ameandika sifuri. Hizi tano ameweka kistari. Kwa nini?"

Nikaacha kumenya ndizi. "Sifuri ni siku ambayo mvua haikuja. Kistari ni siku ambayo yeye hakwenda kupima. Tulikuwa tunamzika Samweli, mwanetu. Mvua ilinyesha hadi ikabidi kaburi litolewe maji kwa ndoo."

"Pole sana, Mama."

"Ahsante. Bwana alitoa."

Akauliza kama kuna chombo kilichobaki uani siku zile. Kilikuwapo. Sufuria kubwa ya matanga, tuliyoisahau nje, ilijaa ikamwagika. Akapima kina chake. Mwalimu akahesabu upya, halafu akakaa chini kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Mvua ikiijaza sufuria ile ndani ya siku tano, mlima hushuka. Tukairudisha uani masika yalipoanza, tukawa tunaiangalia. Asubuhi ile kamba ilipokatika, ilikuwa imebakiza vidole viwili ijae.

Lakini watu hawakutaka kuondoka. "Nihame nyumbani kwangu kwa ajili ya kamba na sufuria?" alisema Mzee Kiangi. "Hawa watoto wamekuja kusoma au kupika?" Watu wakacheka. Mwalimu akasihi, wakazidi kucheka.

Nakijwa hakubishana nao. Alikwenda kwa mwenye baragumu, na baragumu likalia la msaragambo, kazi ya wote: mtaro wa barabara ya kanisani, ng'ambo ya bonde, kila nyumba ije na watoto na mbuzi wake. Kwetu msaragambo haukataliwi. Hata Mzee Kiangi alibeba jembe, akilalamika njia nzima. Lakini kazi hiyo hakuna aliyekuwa ameipanga. Binti alidanganya, na alidanganya kwa baragumu la wazee.

Saa nane mchana siku hiyo hiyo, tukiwa tumeinama tunachimba, mlima ukashuka. Nyumba kumi na moja zilikwenda, na yangu mojawapo. Makaburi yangu mawili, la Samweli na la baba yake, yalikwenda pia. Mtu hakufa hata mmoja.

Mzee Kiangi alikaa juu ya mpini wa jembe lake. Baada ya muda akauliza, "Nakijwa, mtaro huu ni wa nini?"

"Sijui, Babu," alisema binti, akaanza kulia.

Jumapili, baada ya ibada, mwalimu alisimama humu humu kanisani tunamolala sasa. "Kuchagua kumenishinda," alisema. "Mliookolewa ndio mseme nani abaki."

Mmoja akasema ni Kalunde, maana bila kamba tusingejua siku. Mwingine akasema ni Makame, maana bila kile kistari mwalimu mwenyewe angetuambia tulale salama. Wengi wakamtaka Nakijwa. Mzee mmoja akakataa: "Abaki kupima mlima mtu anayejua kusema lisilokuwapo?" Mzee Kiangi akamjibu, "Kwa uongo huo leo uko hai unabishana, ndugu yangu." Wakashindwana. Mwishowe wakasema niamue mimi, kwa kuwa daftari lilikuwa la mume wangu.

Niliwatazama. Kalunde amefungwa bandeji mguuni. Makame amelikumbatia daftari alilotoka nalo ndani ya shati, na ndiyo mali pekee niliyobaki nayo. Nakijwa hanyanyui macho.

Nimeomba siku tatu. Mungu hajanijibu, au amejibu nami sikusikia. Kesho saa tatu asubuhi, saa ile ile ya kupima mvua, mwalimu anakuja kuchukua jina moja. Nikinyamaza, nitakuwa nimeweka kistari mahali panapotakiwa jina, na wote watatu wataondoka.

Basi ninyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo, nisaidieni. Ingekuwa ni wewe wa kujibu kesho, ungemtaja nani?