Mama Aliyesikia Bahari Kutoka Jikoni

Wapendwa, leo nataka niwapeleke baharini pamoja na familia moja ya Usangi, kule milimani Upare. Walikuwa watu wa kawaida kama sisi: baba, mama na watoto watatu. Kila mwaka, Krismasi ikishapita, walishuka Tanga, wakapanga kijumba karibu na ufukwe na kukaa juma zima. Walikuwa na taratibu zao. Siku ya kufika, hakuna aliyefungua begi kabla ya kukanyaga maji. Jioni baba alichora mstari mchangani, wakashindana kukimbia, na siku zote baba ndiye aliyeshinda, kwa sababu ndiye aliyehesabu moja, mbili, tatu.

Na mama? Mama alikuwa jikoni.

Msimwonee huruma mapema. Alikuwa na furaha yake. Alibeba ndizi na maharage kutoka nyumbani, akachagua samaki mwenyewe sokoni, akapika pilau la mwaka mpya. Watoto aliwaambia wacheze, likizo ni yao. Kupitia dirishani alisikia kelele zao majini, na kila kelele alijua ni ya nani. Mumewe akiita, "Mama Elipokea, njoo, maji ya leo ni mazuri," yeye hujibu, "Nakuja, ngoja nimalize."

Nawauliza akina mama mliopo hapa: kazi ya jikoni huisha saa ngapi?

Miaka ikaenda. Watoto wakakua. Baba akaugua, akafariki. Mwaka ule hawakwenda popote. Mwaka uliofuata Elipokea, yule mkubwa, akasema, "Mama, twende baharini. Baba angetaka twende." Wakaenda wote, pamoja na mke mpya wa Elipokea, Atupele, binti wa Tukuyu ambaye bahari alikuwa hajawahi kuiona. Atupele alipotaka kusaidia jikoni, mama mkwe akamkatalia. "Mwaka huu wewe ni mgeni. Nenda ukaione bahari."

Mchana wakarudi kutoka majini, wakaketi barazani kungoja chakula. Atupele akawaambia, "Jamani, kila mmoja anitajie siku moja anayoikumbuka hapa, na mimi niwajue watu nilioolewa kwao."

Ndani, mama alikuwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Akapunguza mkono ili asikie vizuri. Moyoni alishajua watakachosema. Watasema pilau.

"Ile siku makaa yalipoloa," akasema Elipokea.

"Umeniwahi," akasema Namsifu, dada yake. "Na mimi ni hiyo."

"Hiyo hiyo," akasema Mkunde, kitinda mimba. "Wimbi lilimwangusha mama, likaondoka na kanga yake."

Mama akaacha kukuna kabisa. Siku ile aliikumbuka vizuri. Paa lilikuwa limevuja mvua, gunia zima la makaa likaloa, moto ukakataa kuwaka. Watoto wakala biskuti na maji. Yeye, kwa kukosa la kufanya, akashuka ufukweni amenuna, na watoto wakamvuta majini na nguo zake. Wimbi likampiga mweleka, akacheka mpaka akashindwa kusimama. Jioni akashindana nao kukimbia, na akampita mumewe. Lakini miaka yote aliihesabu siku ile kuwa siku iliyoharibika. Amewaleta watoto baharini kisha anawalisha biskuti! Hata kwenye maombi alishaiombea msamaha.

"Baba aliisimulia mpaka hospitalini," Elipokea akaendelea. "Alisema laiti makaa yangekuwa yanaloa kila mwaka."

Mama akatokea barazani, kipande cha nazi mkononi.

"Kwa hiyo mlinitaka majini," akasema taratibu.

"Tulikuita kila siku, mama," akasema Namsifu. "Hukuja."

"Mliniita, kweli. Nilikuwa nawasikia. Mlipokuwa wadogo niliwaambia mcheze, na sijutii. Lakini mlikua, wanangu. Na baba yenu alikuwa mtu mzima tangu mwanzo. Kati yenu wote, nani aliwahi kuja jikoni tukamaliza pamoja?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua.

Elipokea akainuka, akampokea kile kipande cha nazi, akaenda kuketi kwenye mbuzi ambayo hakuwahi kuikalia maishani mwake. Alikuna vibaya, nazi ikachanganyika na vipande vya kifuu. Namsifu akakata vitunguu, Mkunde akaosha mchele. Chakula kilikuwa na chumvi nyingi; wakala wakamaliza, wakaosha vyombo wote. Jua likiwa bado juu, mama akaingia baharini amemshika mkono Atupele, wageni wawili wa maji. Alilia kidogo kwa ajili ya mumewe. Kisha wimbi likampiga magotini, akacheka.

Ndugu zangu, sisi kuita tunajua sana. Tunamwita jirani aje kwenye jumuiya, na nyumbani kwake kuna mgonjwa hana wa kumwachia. Tunamwita kijana aje ibadani, hatumuulizi Jumapili analinda geti la nani. Tunapaza sauti, "Njoo ufurahi nasi," halafu tunarudi kwenye maji yetu. Asipokuja tunasema amepoa kiroho. Je, Mungu alituita sisi kwa mbali namna hiyo? Si alikuja mpaka tulipokuwa?

Naona mnatazamana. Hiyo harufu ya vitunguu mnayoisikia inatoka nyuma ya kanisa hili. Kuna akina mama wanatupikia chakula cha wageni wa leo, na katika haya niliyosema hawajasikia hata neno moja. Mimi nimefika mwisho. Wazee wa kanisa, vueni makoti, nendeni mkawapokee miiko. Kwaya, subirini. Hatuimbi mpaka akina mama waje waketi hapa mbele.