Ufunguo wa Stoo

Mwanamke mmoja alikuwa na ufunguo wa stoo, na hakuwahi kumwachia mtu. Jina lake lilikuwa Mghoi. Kazi yake ilikuwa kurusha ndege ndogo ya mizigo, akipeleka dawa na mbegu kwenye viwanja vya vumbi ambako barabara haifiki. Alipokuwa kazini, watoto wake walikaa na wifi yake, Wawuda. Wawuda alikabidhiwa watoto; unga hakukabidhiwa. Mwaka mmoja aliwagawia majirani mafuta ya kupikia bila kuuliza, na Mghoi hakusahau.

Kwa miaka mingi Mghoi aliruka moja kwa moja, kwenda na kurudi. Kisha siku moja upepo wa mlimani uliilaza ndege yake ubavu, na kwa kitambo kidogo mikono yake haikujua la kufanya. Ndege ilikaa sawa yenyewe. Hakumwambia mtu. Lakini aliwafikiria watoto, akaenda kuomba nafasi kwa mwalimu Kisombe, aliyefundisha sarakasi za angani kwenye uwanja mmoja kando ya mashamba ya mkonge. Huko marubani walijifunza kupindua ndege kichwa chini na kuirudisha, ili siku ndege ikipinduliwa na upepo wasipotewe na akili.

Masharti ya Kisombe yalikuwa machache. Mwanafunzi ale kidogo asubuhi hiyo. Afunge mikanda mpaka iume. Na kila alicho nacho, akifunge au akiache chini. Aliyekuja hajajiandaa alirudishwa, na wengi hawakuitwa tena.

Mghoi alijiandaa kama mtu mwenye nyumba ya kutazama, kidogo kidogo, kati ya kazi moja na nyingine. Aliishona mifuko ya ovaroli yake yote ikazibika. Alisuka nywele zikalala. Alivua hereni, saa na pete ya ndoa. Alilala kitandani kichwa kikining'inia, azoee damu kushuka usoni, na watoto wakacheka wakisema mama amekuwa popo.

Asubuhi ya kuondoka, Wawuda alisimama mlangoni.

"Wifi, niachie basi ufunguo. Watoto wakiamka niwapikie nini, kufuli?"

"Nitarudi mapema."

Na kwa kuwa mifuko ilikuwa imeshonwa, Mghoi aliusokomeza ufunguo kifuani, ndani ya sidiria, mahali wanawake wanapoweka vitu wasivyotaka kuulizwa.

Uwanjani Kisombe alimuuliza kama amebaki na chochote. Akajibu kwamba hana. Hakuona kuwa anasema uongo. Ufunguo ule alikwisha kuuona kama kiungo cha mwili wake.

Wakapaa, Mghoi mbele na mwalimu nyuma. Juu ya mkonge Kisombe aliipindua ndege polepole, kama mtu anayegeuza chapati. Mbingu ikawa chini. Mikanda ikambeba Mghoi, naye akashangaa kwamba haogopi. Ndipo ufunguo ulipoteleza kifuani, ukapita kidevuni na kuangukia kwenye kioo cha juu. Ndege iliporudi sawa, ulidondoka sakafuni ukapotelea mbele, miguuni. Mghoi akakanyaga pedali ya kushoto, ya kugeuzia ndege. Haikwenda. Akakanyaga tena kwa nguvu. Haikwenda.

Angeweza kunyamaza na kuendelea kukanyaga. Ndivyo alivyozoea kufanya na mambo mengi.

"Mwalimu, pedali imekwama," akasema. "Ni ufunguo. Ni wangu."

Kisombe hakupaza sauti. "Toa miguu. Weka mkono tayari juu ya kichwa, udake kitakachokuja."

Akaipindua ndege mara ya pili. Ufunguo ulijinasua pale ulipokuwa umekwama, ukaanguka tena kwenye kioo, na Mghoi akaudaka. Aliufumba kiganjani mpaka magurudumu yalipogusa ardhi.

Walipotelemka, mwalimu aliuchukua akaupima mkononi.

"Ungefungwa, usingetusumbua. Ungeachwa nyumbani, usingetusumbua. Huu ulifichwa. Kesho njoo, lakini usije nao."

Mghoi alifika nyumbani mchana, akitarajia vilio. Watoto walikuwa wameshiba. Wawuda alikuwa ameomba unga kwa majirani, wale wale waliopewa mafuta mwaka ule, nao walikuwa wamempimia bila kuuliza atarudisha lini. Mghoi alisimama jikoni akiitazama sufuria iliyokwisha kuoshwa na kufunikwa. Hakuomba radhi; hakuwa na mazoea hayo. Aliushika mkono wa wifi yake, akauweka ufunguo ndani yake.

"Unga wa watu urudishwe leo," akasema.

"Nikiwapimia na mafuta kidogo?"

Mghoi aliifunua sufuria, akaifunika tena. Wawuda akasubiri, ufunguo mkononi.

"Utajua mwenyewe," Mghoi akasema, akaenda kuvua viatu.

Kesho yake alipinduliwa tena juu ya mkonge, tena na tena, na hakuna kilichodondoka.

Nawe, siku yako itakapopinduka, maana itapinduka, ni kipi kitakachoanguka kati ya vile ulivyosema huna?