Simu ya Mkunga

Mficha uchi hazai: anayeona haya kueleza shida yake hukosa msaada. Hakuna aliyeijua methali hii vizuri kuliko mkunga wa zahanati moja ndogo ya bondeni. Kila mjamzito aliyejikunyata kitandani kwa haya aliambiwa hivyo hivyo, kisha akaombwa aonyeshe panapouma. Miaka ishirini mkunga aliisema. Zamu yake ilipofika, aliimeza.

Simu ya mezani ndiyo iliyokuwa sikio la zahanati, maana simu za mkononi hazikushika mtandao bondeni mle. Mvua iliponyesha, simu ilichachatika kama mafuta ya moto, kisha ikanyamaza. Fundi aliyeletwa alikuwa mkwewe, mume wa bintiye wa pekee, kijana mpole na hodari wa salamu. Alipanda nguzo, akasokota nyaya kwa vidole, akazifunga kwa utepe na mfuko wa plastiki, akashuka. Jua likiwaka, simu iliongea kama kasuku. Wingu likitanda, ikawa bubu. Alirudi mara nne, na kila mara mfuko mmoja uliongezeka, hata waya ukafanana na kamba ya kuanikia nguo.

Ofisi ya simu ilipoleta fomu ya kuuliza kama kazi imeridhisha, mkunga aliandika kwamba imeridhisha sana. Utamshtakije mkweo kwa wakubwa wake? Bintiye alipomsihi aseme kweli, alijibu kuwa heri simu iharibike kuliko ndoa.

Ndipo asubuhi moja ya mvua akaletwa mjamzito kwa mkokoteni, amelowa chapachapa. Mumewe alikuwa akipiga simu ya dukani tangu alfajiri amwite mkunga nyumbani, asipate jibu. Mtoto alizaliwa kwa taabu, kitovu kimemzunguka shingoni, lakini alilia. Mkunga alinawa mikono huku akiwaza. Wangechelewa kidogo tu, pangekuwa na msiba, na yeye angekuwa na mkono ndani yake.

Alimwita mkwewe, akamkalisha kwenye benchi la wajawazito.

"Baba, kazi yako ni mbovu," alisema. "Nimeificha kwa sababu nakuheshimu. Leo heshima hiyo ingeua mtoto."

Kijana alikiri. "Mama, mimi nilifundishwa simu za ndani ya nyumba. Kuunga nyaya za nje sijui. Nilimwonea haya msimamizi."

Mkunga alicheka hadi akashika kiuno. Kumbe walikuwa wawili, kila mmoja kajifunika shuka lake! Aliandika fomu upya, safari hii bila kupaka rangi, na mkwe mwenyewe akaipeleka. Msimamizi hakufoka. Alikuja na ngazi ndefu, wakakata kipande chote kilichooza na kuvuta waya mpya. Viungo vya mwisho alimwachia kijana avifunge mwenyewe ndani ya kisanduku kisichoingiza maji, naye akimwelekeza kutoka chini.

Juma lililofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa mkwewe, juu ya nguzo ya ng'ambo ya mto, akipiga kwa simu ya kupimia aliyoiunga kwenye waya. Alikuwa amemweleza msimamizi kuhusu mifuko yake mingine kumi na mmoja iliyotapakaa bondeni, na wa nguzo hiyo ulikuwa wa kwanza kung'olewa.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia kama uko hapa benchini, baba," alijibu mkunga, moyo wake umejaa furaha. Wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.