Aliyeuacha Ufagio

Ukipewa ufagio, muulize aliyeuacha. Jana mlimsikia mama yenu akimwambia hivyo Saumu, anayekwenda kuanza kazi za ndani, mkacheka, mkadhani ni mzaha wa jikoni. Si mzaha, wajukuu zangu. Methali hii ilizaliwa mtaani kwetu, Ngamiani, mbele ya macho yangu, na ilizaliwa hivi.

Miaka ile ya foleni za sukari, Bi Salha alikuwa na nyumba kubwa kuliko zote barabara yetu. Alikuwa akitafuta mtu wa usafi, tena upesi, maana binti yake amepata mchumba na wakwe wanakuja Ijumaa kuleta posa. Akaletewa Mwantumu, mwanamke wa kutoka milima ya Usambaa, aliyekuwa akilala sakafuni kwa dada yake huku shemeji akimhesabia matonge. Kazi ile aliitaka kweli.

Bi Salha akamketisha mkekani, yeye akakaa kitini, akaanza. Umetoka kwa nani? Nani atakudhamini? Umewahi kushikwa na kitu cha mtu? Kila alipouliza alinyoosha kidole, na bangili yake nene ya dhahabu, iliyosokotwa kama kamba, ikateremka mkononi.

Mimi sina ugomvi na kuuliza. Anayemfungulia mtu mlango wa chumba chake ana haki ya kumjua. Ugomvi wangu ni kwamba mji ule maswali yalikuwa kama maji ya mfereji: yanatoka kitini yanakwenda mkekani, hayapandi kamwe.

Mwantumu akajibu yote. Kisha naye akauliza, "Na mimi, bibi, habari zako nimuulize nani?"

"Habari zangu mimi?"

"Aliyefagia hapa kabla yangu yuko wapi?"

Bi Salha akacheka cheko la hasira. "Kibibi? Yule ana mkono mrefu! Aliniibia. Nimewaambia wote waliokuja kumuulizia, na mpaka leo hakuna aliyempa hata sahani aoshe. Haya, ufagio ule pale. Kesho uanze."

Mwantumu aliuacha ufagio pale pale ukutani, akaenda kumtafuta Kibibi. Alimkuta nyuma ya soko akichambua dagaa wa watu.

"Dada, uliiba nini kwa Bi Salha?"

"Sikuiba. Ilipotea bangili."

"Bangili gani?"

"Ya dhahabu, imesokotwa kama kamba."

Mwantumu akashika kiuno. "Nene hivi? Mbona ameivaa!"

Kibibi akaacha kuchambua. Alibaki ameshika dagaa mmoja mkononi, kama aliyesahau kazi yake ni nini.

Asubuhi Bi Salha alikuwa mlangoni anasubiri. "Umechelewa."

"Nilikwenda kumuuliza aliyeuacha ufagio," akasema Mwantumu, akautazama mkono wa yule bibi.

Bi Salha akavuta upindo wa kanga, akaifunika bangili. "Ilionekana ndani ya godoro," akasema kwa sauti ya chini, "fundi alipolifumua kubadili sufi. Kibibi keshaondoka. Ningesema nini tena?"

"Ungesema imeonekana."

"Mbele za watu? Na wakwe wanakuja?"

"Kwani ulipomtangaza mwizi, ulimtangazia chumbani?" Mwantumu hakupandisha sauti. "Nyumba nitaifagia, bibi, mpaka darini. Lakini kwanza lisafishwe jina la mwenzangu."

"Na nikikufukuza, utakula wapi?"

"Kwa shemeji. Matonge ya kuhesabiwa nimeshayazoea."

Jioni ile tulikuwa bombani, foleni ya ndoo imepinda kona, na Kibibi yumo. Akatokea Bi Salha, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona na ndoo. Akanyanyua mkono wenye bangili.

"Kibibi hakuniibia. Bangili hii hapa. Nilimsingizia, na nilipoipata nikanyamaza."

Alisema mbio mbio kama anayemeza dawa chungu. Lakini alisema. Ndoo ikafurika, maji yakamwagika, hakuna aliyekumbuka kufunga bomba.

"Nimekusikia, bibi," akajibu Kibibi. "Ila rudia kidogo. Wale wa mwisho wa foleni hawakusikia."

Akarudia! Mimi niliyeona wakubwa wengi wakikosa na kutuachia sisi aibu zao, nilirudi nyumbani nikiimba.

Kibibi hakurejea kwa Bi Salha. Wiki ile ile jirani mmoja alimwita kazini. Mwantumu naye akaushika ufagio, na Ijumaa nyumba ilikuwa inang'aa.

Sasa, mnajua mashangazi wa bwana harusi walivyo. Hawashibi majibu ya sebuleni. Mmoja akajipenyeza mpaka jikoni, akamuuliza Mwantumu, "Mwanangu, wenye nyumba hii ni watu wa namna gani?"

Bi Salha alikuwa ukumbini na sinia la kahawa. Akasimama pale pale, akatega sikio.

"Mwenye nyumba hii akikosea, husema nimekosea," akajibu Mwantumu. "Tena ukimwomba, hurudia."

Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi. "Basi tumefika kwa watu," akasema, na posa ikapokewa.

Tangu siku ile, kila mwanamke wa mtaa wetu aliyeketishwa mkekani aliuliza swali la Mwantumu, na waliokaa vitini wakajifunza kulijibu. Saumu anaondoka kesho, na mama yenu hakumtania. Amempa alichopewa na sisi. Ukipewa ufagio, muulize aliyeuacha.