Joto la Bi Mize

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, palikuwa na Sultani aitwaye Shekue, ambaye hakuogopa adui yeyote ila kipupwe. Nanyi mnakijua kipupwe chetu: si baridi ya kuua mtu, ni baridi ya kumfanya mtu atafute shuka ya pili. Lakini Sultani alikuwa amejenga ukumbi mkubwa wenye madirisha ishirini na manne, yote yakielekea kusini unakotoka upepo, wala hakutaka hata moja lifungwe, kwani alisema madirisha hufungwa penye msiba. Basi kila kipupwe ziliwashwa seredani thelathini za makaa ya kuni ukumbini, upepo ukaingia madirishani ukatoka na joto mlangoni, naye Sultani akazidi kutetemeka na kuagiza kuni.

Ikawa mwaka mmoja kuni za msituni zikaadimika, ikatoka amri kila nyumba ilete mzigo wake kila siku. Watu wakatoa kuni za kupikia. Zilipokwisha wakatoa vinu na michi, kisha wakatoa vitanda.

Katika mji huo alikuwapo mjane msuka mikeka, Bi Mize, hana mbele wala nyuma. Watu walimwita punguani kwa sababu aliyashika maneno kama yalivyosemwa. Ukimwambia, "Nipishe," alisogea hata mwisho wa mtaa. Askari walipofika kwake wakakuta jiko limepoa siku tatu, wakampeleka kwa Sultani.

"Bi Mize, kuni zako zi wapi?" akauliza Sultani.

"Bwana wangu, sina hata kijiti. Nimebaki na nyumba tu."

"Nyumba ina boriti," akasema Waziri, ambaye ndiye aliyepokea kuni za mji, na nyumbani kwake hazikupungua kamwe.

Nyumba ile Bi Mize aliijenga yeye na marehemu mumewe, na udongo wake waliukanda kwa miguu yao wenyewe. Akauliza taratibu, "Bwana wangu, wataka kuni ama wataka joto?"

"Kuni nizile? Nataka joto. Niletee joto la kunitosha kesho alasiri, ama zitaletwa boriti zako."

"Uliloagiza ndilo utakaloletewa," akasema Bi Mize, akaenda zake nyumba hata nyumba, akibisha hodi.

Siku ya pili alasiri akaja na majirani hamsini, wake kwa waume, kila mmoja na mkeka kwapani na ukindu mkononi. Waziri akacheka hata akashika mbavu. "Joto li wapi?"

"Ndilo hili," akasema Bi Mize, akiwaonyesha majirani. "Kwangu hakuna jingine. Hukaa pamoja chumba kimoja tukasuka, baridi ikabaki nje. Ila, Bwana wangu, naomba chombo cha kulitia. Ukumbi huu ni pakacha." Akamtazama Waziri. "Na kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi."

Waziri akakohoa. Sultani, akitaka kuona atakavyoshindwa, akampa chumba kidogo cha upande wa magharibi kilichowekwa mazulia makuukuu. Wakayatandika mazulia yote, maana sakafu ya mawe hunyonya joto la mtu. Dirisha la kusini wakalitundikia mikeka, la magharibi wakaliacha wazi jua liingie. Kisha wakaingia thelathini, ishirini wakabaki uani, wakamweka Sultani katikati, wakaanza kusuka na kupiga soga.

Haukupita muda Sultani akavua joho. Kisha akavua kilemba, jasho likimtiririka.

"Bi Mize, yatosha."

"Sina hakika, Bwana wangu. Wapo wengine ishirini uani, niwaite?"

"Limetosha, nami nashuhudia mbele ya hawa wote. Nyumba yako ni yako. Funueni mkeka mmoja nipumue."

Alipokuwa akijipepea, akamsikia mzee mmoja, Pandu, akimwambia mwenzake kwamba mgongo unamuuma kwa kulala chini tangu kitanda chake kichukuliwe kuwa kuni.

"Mzee Pandu," akasema Sultani, "kitanda chako kilinipasha joto siku ngapi?"

Pandu akajificha nyuma ya mkeka wake. Bi Mize akajibu swali kama lilivyoulizwa. "Hata moja, Bwana wangu. Kiliupasha upepo."

Aibu ikamshika Sultani. Akajicheka, kama mtu aliyetembea mji mzima na kanzu aliyoivaa nje ndani. Akaamuru seredani zizimwe na madirisha yafungwe, Pandu achongewe kitanda, na kuni zilizo kwa Waziri zirudishwe kwa wenyewe, juu ya mabega ya Waziri. Watu wakakunja mikeka yao.

"Na kesho mtakaa wapi?" akauliza Sultani.

"Kwangu, kama siku zote."

Sultani akashika kilemba chake mkononi, akakigeuza-geuza. "Pana nafasi ya mtu mmoja?"

"Ipo, Bwana wangu. Ila aingiaye husuka."

Basi kipupwe kile chote Sultani Shekue alishinda kwa Bi Mize, kabanwa baina ya Pandu na ukuta, akisuka ukili wa mkeka uliopinda kama njia ya ng'ombe. Kila jioni akishaondoka, Bi Mize aliufumua wote akausuka upya, na hakumwambia mtu.